Hodi Mara Tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Garissa halijapata makali, na wanafunzi wangu kumi na wawili wamechutama kulizunguka tundu lenye upana wa sarafu ya shilingi kumi. Hakuna anayesema. Msichana mmoja ameshika unyasi mkavu na anaugusisha ukingoni mwa tundu, taratibu, kama mtu anayebisha nyumba yenye mgonjwa. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu inachomoza miguu miwili ya mbele, yenye malaika ya rangi ya mchanga, inaupapasa unyasi, inarudi gizani. Tunaandika saa na hali ya anga kwenye daftari, tunanyanyuka, tunakwenda tundu linalofuata.

Hiyo ndiyo sheria ya darasa langu la nje: hodi mara tatu, na asiyeitika tunamwacha. Adabu hii niliikuta Lamu nilikozaliwa. Wanafunzi wangu nao waliikuta makwao, kwa sababu sote tulifundishwa katika chuo cha Qur'ani kwamba mgeni huomba ruhusa mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka bila kinyongo. Sikuwahi kufikiri kwamba ingemfaa buibui. Nilifika hapo baada ya kukosa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha hapa nilitoka na jembe. Somo la biolojia la Kidato cha Tatu linamtaka mwanafunzi alijue kundi la araknida: mwili wa sehemu mbili, miguu minane, hakuna vipapasio kichwani. Kitabu kina mchoro. Mimi nilitaka kiumbe chenyewe ndani ya chupa, kwani shule niliyosomea ilikuwa na rafu nzima ya chupa za namna hiyo na nilidhani maabara isiyo nazo si maabara. Nyuma ya uwanja, chini ya mgunga, tukapata tundu lililotandikwa hariri nyeupe mdomoni. Nikachimba. Njia ilishuka wima kiasi cha kiwiko, ikapinda kuukwepa mzizi, ikaishia kwenye chumba kidogo. Humo alikuwemo jike mkubwa, ameukumbatia mfuko wake wa mayai. Tulimtia chupani yeye na mfuko wake, tukaiweka chupa dirishani, tukaenda kwenye vipindi vingine. Adhuhuri tulipomrudia, miguu yake yote minane ilikuwa imekunjika chini ya kifua.

"Mwalimu, mbona wakifa hujikunja?" mvulana mmoja akauliza.

Nikamjibu. Mguu wa buibui una misuli ya kuukunja, ila kwenye viungo vyake vikubwa hauna misuli ya kuunyoosha. Kinachounyoosha ni shinikizo la majimaji ya mwili yanayosukumwa kutoka kifuani. Uhai ukikatika, shinikizo linakatika, na mguu unabaki mikononi mwa misuli ya kukunja. Ni maelezo sahihi, na darasa zima liliyaandika. Lakini nilipokuwa nikiyatamka nilitambua kwamba wanafunzi wangu walikuwa wamejifunza jambo moja juu ya mauti ya buibui yule, na juu ya maisha yake hawakuwa na sentensi hata moja ya kuandika. Tuliivunja nyumba kabla ya kuuliza ilijengwaje. Tangu siku hiyo jembe halijatoka stoo kwa kazi ile.

Sasa darasa la nje huanza kwa kusoma milango. Tunapima mraba wa mita kumi kwa kumi kwa kamba ya kufungia mbuzi, tunatembea ndani yake bega kwa bega, na kila tundu linapata kijiti chenye namba. Anayeanza huona matundu. Baada ya wiki mbili huona nyumba, na huanza kukisia wenyewe. Tundu la nge ni bapa kwa kuwa nge mwenyewe ni bapa, na hupita humo na magando yake. Tundu la mende lina udongo uliomwagwa ovyo mlangoni. Penye mburuzo wa mkia pana mjusi. Tundu kubwa lisilo na hariri hatulisogelei kabisa, maana kifutu hukaa katika nyumba alizochimba mwingine, na hakuna somo linalostahili kidole cha mwanafunzi.

Buibui hujulikana kwa hariri. Wale wawindaji wa mbio, ambao wanasayansi wamewapa jina la mbwa mwitu, huushikiza mchanga mlegevu kwa nyuzi ili mdomo usiporomoke, na wengine huzungushia mlango ukuta mdogo wa vijiti na majani makavu. Wale wakubwa wenye manyoya, wanaoitwa buibui nyani, hutandika hariri ikatoka hadi nje ya kizingiti kama mkeka wa barazani. Hariri hiyo ni ukuta, na ni habari pia: mende akiikanyaga, mtikisiko unashuka hadi kwenye miguu ya mwenye nyumba, naye anajua ukubwa wa mgeni na upande anaotokea kabla hajamwona. Na wapo wa mlango wa bawaba, mafundi ambao sijaona mfano wao. Hutengeneza kifuniko cha udongo, wakakishona kwa hariri upande mmoja, wakakipaka juu mchanga na takataka za mahali palepale. Mlango huo ukifungwa unaweza kuukalia usijue. Mmoja wao tulimgundua kwa bahati, mvulana alipomwaga maji yake ya kunywa, na duara jembamba likajichora kwenye tope.

Usiku hatutoki nje ya ua. Tunabaki shuleni, askari wa lango akiwa pamoja nasi, kila mmoja ameishika tochi usawa wa macho yake. Macho ya mbwa mwitu hawa hurudisha mwanga. Uwanja ambao mchana ni vumbi tupu unajaa vitone vya kijani, kama umande katika nchi isiyo na umande. Usiku mmoja tulikifuata kitone kimoja tukakuta ni mama aliyebeba watoto wake mgongoni, na kila mtoto macho yake yanameta kivyake. Wasichana waliokuwa wakipiga mayowe wiki iliyotangulia walipiga magoti kumtazama.

Jambo ambalo sikutarajia liwashike wanafunzi kuliko sumu na meno ni joto. Garissa iko kiasi cha mita 150 tu juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 300, nayo huja kwa misimu miwili ambayo wanafunzi wangu huiita Gu na Deyr. Kati yake ipo Jilaal, kiangazi cha mwanzo wa mwaka, wakati mchanga ulio wazi unaweza kupita nyuzi 60 mchana. Tunachukua kipimajoto cha maabara na kukifukia: kwanza juu juu, kisha kina cha kidole, kisha kiganja, kisha kiwiko. Tunasoma saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi. Juu, namba zinaruka. Kwenye kiganja zinatembea. Kwenye kiwiko karibu hazitikisiki. Mchanga mkavu hupitisha joto polepole mno. Kabla joto la mchana halijamaliza safari ya kushuka, usiku umeshaupoza uso wa ardhi na safari imekatika njiani. Kwa kiwiko kimoja cha kuchimba, buibui ametoka kwenye kaango akaingia kwenye kivuli kisichohama.

"Ndiyo maana nyanya hufukia mtungi nusu mchangani," akasema msichana wa kutoka upande wa Balambala. Darasa likanyamaza kidogo. Sijui kama kuna siku nyingine ambayo kitabu cha biolojia na nyumba ya nyanya yake vilikaa mkeka mmoja.

Swali zito liliulizwa na mwanafunzi mpole kuliko wote. Sura ya 29 ya Qur'ani ina jina la buibui, na kila mtoto wa chuoni anajua kwamba humo nyumba ya buibui imetajwa kuwa dhaifu kuliko nyumba zote. Anajua pia kisa cha pango la Thaur, wakati wa hijra, na utando uliofunga mlango wa pango. Basi akauliza: nyumba hii tunayoipima mwaka wa pili sasa, ambayo mbuzi wanaipita juu na jua limeshindwa kuiingia, tuiite dhaifu? Nilimwambia kwamba tafsiri si kazi yangu, amwulize maalim wake. Aliuliza kweli, akarudi na jibu: ule ni mfano wa mtu anayejitafutia mlinzi asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na mfano huelekea kwenye maana yake. Kisha akaongeza la kwake. Hariri peke yake, alisema, kidole kinaipasua. Mchanga wa hapa peke yake haushiki hata umbo la kikombe. Nyumba hii imesimama kwa kuwa kila kimoja kimemwegemea mwenziwe. Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari langu, na tarehe yake.

Nasema haya kwa kirefu kwa sababu nchi hii imezoea kuitwa tupu. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa waraka wake wa kipindi cha bunge namba 10, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha ili yalete faida kwa haraka. Kaskazini Mashariki haikuwa na vitu hivyo, na ilikuwa ndani ya vita vya shifta. Watoto ninaowafundisha ni wajukuu wa waraka ule. Wamekua wakisikia katika redio na katika vitabu vyao vyenyewe kwamba wanatoka kwenye ukame. Kitabu cha ikolojia kikitaka mfano wa makazi ya viumbe huwapeleka ziwani, msituni, kwenye miamba ya pwani. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote za mtihani bila kuwahi kudhani kwamba ardhi anayoikanyaga kwenda shule ni makazi ya kitu chochote. Katika mraba mmoja wa mita kumi kwa kumi, nyuma ya uwanja wa mpira, tumewahi kuweka vijiti 31.

Hata majina ya wakazi hawa yametolewa mbali. Mjerumani Gerstäcker, mwaka 1873, aliandika wadudu na buibui wa Afrika Mashariki waliokusanywa katika safari za Karl Klaus von der Decken, mtu aliyeuawa mwaka 1865 huko Bardera kwenye mto Juba, kaskazini mashariki ya hapa tulipo. Mwaka 1897, Pocock wa London akampa jina Pterinochilus murinus, yule buibui nyani wa rangi ya kahawia na machungwa anayejulikana zaidi katika nyika ya Kenya na Tanzania. Walifanya kazi kubwa, nami naitegemea. Lakini waliwajua viumbe hawa kama nilivyomjua mimi yule wa dirishani, wamekunja miguu. Orodha ya dunia ya buibui ilipita aina 50,000 mnamo Aprili 2022, na wataalamu wanakubaliana kwamba wengi bado hawajaandikwa. Kwa Kisomali buibui anaitwa caaro. Kwa Kiswahili ana jina moja na vazi jeusi alilovaa mama yangu kila alipotoka nyumbani. Hayo ni majina ya watu waliokaa naye.

Mfano niliokuja kuupenda uko Australia. Mwaka 1974, mwanasayansi Barbara York Main alianza kuweka alama kwenye matundu ya buibui wa mlango wa bawaba katika hifadhi ndogo ya North Bungulla, magharibi ya nchi hiyo. Hakuwachimbua. Alipiga kijiti chenye namba, akarudi, akarudi tena, miaka nenda miaka rudi. Jike namba 16 aliishi katika tundu lilelile miaka 43. Mwaka 2016 kifuniko chake kilikutwa kimetobolewa na nyigu, wale wanaomchoma buibui na kumtagia yai mwilini. Habari zake zilichapishwa mwaka 2018, na mama yule aliyeanza kazi akafariki mwaka uliofuata. Niliposimulia hayo, darasa lilifanya hesabu bila kuambiwa. Tundu lililowekwa alama leo linaweza kukaguliwa na watoto wao.

Kukaa nje kunataka moyo hapa, na si kwa sababu ya sumu. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa katika kaunti. Madarasa yalikaa bila mwalimu wa hisabati, wa kemia, wa biolojia. Nilipoomba ruhusa ya kuwatoa wanafunzi nje ya ukuta, mzazi mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina watoto. Nilimwelewa. Tulikubaliana: asubuhi tu, hatua chache kutoka kwenye ua, na mzee wa mtaa ajue. Nimejifunza kumshukuru yule mzazi, kwa kuwa ufinyu ule ndio uliotulazimisha kurudi mahali pamoja. Tungekuwa na basi tungekwenda mbali, tukaona mengi mara moja, tusijue hata moja.

Wapita njia wamekuwa walimu wetu. Asubuhi moja mzee alisimama na mbuzi wake, akatutazama tulivyoinama.

"Assalaam aleykum. Mwalimu, mmepoteza pesa?"

"Wa aleykum salaam, mzee wetu. Hapana, tunatafuta caaro."

"Caaro hatafutwi," akasema. "Ngojeni radi. Watatembea wenyewe."

Wanafunzi walimwita awoowe, babu, wakamkalisha kivulini wakamwuliza mengi. Na ni kweli. Majike wa buibui nyani na wa mlango wa bawaba hubaki tunduni karibu maisha yao yote. Madume wakishakomaa huacha nyumba na kuzurura kutafuta wachumba, na katika nchi kavu mvua ndiyo huwafungulia njia. Deyr ilipofika dume mmoja alivuka sakafu ya darasa katikati ya kipindi. Hakuna aliyemkanyaga. Mvulana wa nyuma alifungua mlango.

Mvua ya mwisho wa 2023 ilikuwa ya El Niño. Tana ilifurika, barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo, mitaa ya chini ikaingia maji na jamaa za wanafunzi wangu wakalala mahemani. Tulipofungua shule Januari hakuna aliyetaja buibui, wala mimi. Walitaja wao wenyewe, wiki ya tatu. Tukaenda. Sehemu ya chini ya mraba wetu ilikuwa imefunikwa na ganda la tope lililopasuka kama sahani, vijiti vimekwenda na maji. Juu kidogo, chini ya mgunga, matundu manne yalikuwa wazi, hariri mpya mdomoni. Tuliendelea kuandika kila Jumanne. Mwezi wa Machi, kando ya mahali palipokuwa na kijiti namba 7, ganda la tope lilikuwa limetobolewa kutoka chini, duara safi, na vidonge vya udongo vimepangwa pembeni. Sina hakika kama ni mwenyewe au mrithi. Tulimpa namba mpya.

Neno moja kuhusu biashara. Buibui nyani wa Afrika Mashariki huuzwa Ulaya na Marekani kama viumbe wa kufugwa, na mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 huko Naivasha. Kwa hiyo siandiki hapa shule yangu iko mtaa gani, na nawaomba walimu wenzangu watakaofanya kazi hii wasiweke picha za matundu yao mtandaoni zenye kuonyesha mahali.

Mimi nawaomba waifanye. Haihitaji maabara. Inahitaji kamba, vijiti, rula, daftari lisilopotea, na mtu wa kumkabidhi daftari hilo siku utakapohamishwa. Langu nimeshalionyesha kwa mwalimu kijana aliyesoma katika shule hiihii, mmoja wa wale waliochutama miaka ile ya kwanza. Anajua ukurasa wa yule niliyemchimbua uko wapi. Nimeuacha kama ulivyo.

Hatua tatu kutoka pale nilipochimba, chini ya mgunga uleule, anaishi mwingine. Tunampima mdomo wa tundu mara moja kwa mwaka, muhula wa kwanza, kwa kalipa ya maabara, bila kuigusa hariri. Mwaka jana ulikuwa milimita 21. Leo asubuhi, baada ya hodi ya tatu, tumesoma 24.